Dhambi ya Kueleweka

Mwaka 1992 jina la Carl Sagan lilifikishwa mbele ya wanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ili wamkubali kuwa mwenzao. Kwa desturi, jina likishafika hatua ile huwa limekwishachujwa mara kadhaa, na kura ya mwisho huwa kama fatiha ya kuhitimishia shughuli. Safari hiyo mambo yalikwenda kombo. Pingamizi ikatolewa, mabishano yakazuka, na kura zilipohesabiwa hazikutosha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1994, Akademia ile ile ikamvisha Sagan nishani yake ya Maslahi ya Umma, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa inazotoa. Yaani wakubwa wale walimpa shada la maua kizingitini, wakamfungia mlango wa barazani.

Msomaji asiyeijua habari hii atauliza mtu huyo alitenda kosa gani. Aliiba kazi ya mwenziwe? Alighushi vipimo? La. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote kati ya hayo. Kosa lake ni kwamba fundi cherahani, dereva wa basi na mtoto wa shule walimsikiliza akizungumza juu ya nyota, wakamwelewa, na wakataka kusikia zaidi. Katika nyumba za wanazuoni hilo ni kosa lisilosameheka kwa urahisi. Makala haya yanasema bila ya kutafuna maneno kwamba hukumu ile ilikuwa mbovu, na kwamba ubovu wake haukuishia Marekani. Umevuka bahari, umetia nanga hata katika mwambao wa Waswahili, na una wafuasi wenye vilemba vikubwa.

Sagan alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 9 Novemba 1934. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ukraine aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo. Nyumbani hapakuwa na maktaba ya kurithi wala mjomba mwenye darubini. Sagan mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alikwenda maktaba kuomba kitabu cha nyota, na mtunza maktaba akamletea kitabu chenye picha za waigizaji wa sinema. Kwa Kiingereza, kama kwa Kiswahili, wote wale ni nyota. (Hapa Kiswahili kinastahili kujisifu kidogo: angalau mtoto wa Unguja angesema anataka habari za nyota zile, si nyota wale, na ngeli ingemwokoa.) Kitabu sahihi kilipopatikana, mtoto yule alisoma humo kwamba nyota ni majua, ila yako mbali mno. Maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ni kuirejesha furaha ya siku ile kwa watu waliopewa kitabu kisicho chao.

Ni lazima kwanza kuondoa shubuha moja, maana wapinzani wa Sagan wamekuwa wakiieneza hadi leo. Husema kwamba alikuwa msemaji tu, mtu wa kamera, na kwamba hakuwa na sayansi ya kwake. Huo ni uzushi. Mwaka 1960 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Gerard Kuiper, na katika kazi yake ya miaka ile alijenga hoja kwamba uso wa Zuhura ni tanuri. Wakati huo walikuwapo walioiwaza Zuhura kuwa na bahari au mabwawa yenye mimea chini ya mawingu yake. Sagan alisema hapana: hewa nzito ya kaboni imeizunguka sayari ile mithili ya blanketi, inapokea joto la jua na haliachii litoke. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na vipimo vyake vikaunga mkono hoja ya joto kali. Leo inajulikana kwamba joto la huko hufikia nyuzi 460 hivi, na risasi huyeyuka. Ama sayari ya Mirihi, wanafalaki walikuwa wameona kwa miaka mingi mabaka meusi yanayopanuka na kusinyaa kwa majira, na wengine wakafikiri ni majani. Sagan na James Pollack walieleza kwamba ni vumbi linalohamishwa na upepo. Kuhusu Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, yeye na Bishun Khare walitengeneza maabarani utandu mwekundu unaofanana na ukungu wa huko. Makala zake za kitaalamu zilizidi 500. Wako waliokaa katika Akademia ile kwa miongo na hawakufikia nusu ya hizo.

Basi tatizo halikuwa uchache wa kazi. Tatizo lilikuwa wingi wa wasikilizaji.

Dalili zilianza mapema. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Harvard, alikokuwa akifundisha, kilikataa kumpa ajira ya kudumu. Miongoni mwa waliotakiwa maoni ni Harold Urey, mshindi wa tuzo ya Nobel ya kemia aliyemjua Sagan tangu Chicago, naye akaandika barua isiyomfaa kijana yule. Alimwona ni mwenye maneno mengi na anayerukia mambo mengi. Miaka kadhaa baadaye Urey alimwandikia Sagan mwenyewe, akakiri kwamba alikosea. Hilo lihesabiwe kwa Urey kuwa ni uungwana. Lakini Harvard ilikuwa imekwishampoteza, na Cornell ikampokea mwaka ule ule wa 1968, akakaa huko hadi kifo chake.

Kuanzia mwaka 1973 akawa mgeni wa mara kwa mara katika kipindi cha usiku cha Johnny Carson, ambako wageni wa kawaida walikuwa wachekeshaji na waimbaji. Mwaka 1978 kitabu chake juu ya chimbuko la akili ya binadamu, The Dragons of Eden, kikapata tuzo ya Pulitzer. Kisha ikaja Cosmos. Sehemu 13 za kipindi hicho zilianza kurushwa tarehe 28 Septemba 1980, na hadhira yake hutajwa kuwa ilifikia watu milioni 500 katika nchi 60. Carson alimwigiza kwa namna alivyokuwa akitamka neno la bilioni, na mzaha ule ukamganda Sagan kama jina la utani. Maneno yenyewe aliyowekewa mdomoni alisema hakuyatamka katika kipindi chake hata mara moja. Hakununa, kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1997 baada ya yeye kufariki, kilibeba mzaha ule ule kuwa jina lake.

Sasa na liulizwe swali ambalo wanazuoni wa kura ile hawakuliuliza: mtu anapoeleza jambo kubwa kwa watu wasio na istilahi zake, anafanya kazi gani hasa? Jibu la kawaida ni kwamba anarahisisha. Neno hilo lina dharau ndani yake. Anayerahisisha hudhaniwa kuwa anapunguza, kama mchuuzi anayetia maji katika maziwa. Wapenzi wa ushairi wanajua zaidi. Wanajua kwamba mtunzi aliyeingiza jambo zito katika ubeti wa mizani nane kwa nane hakupunguza kitu. Amelipa jambo lile mwili ambao halikuwa nao.

Utazame mfano mmoja wa Sagan, ile kalenda yake ya ulimwengu. Aliichukua historia yote ya ulimwengu, ambayo siku zile ilikadiriwa kuwa miaka bilioni 15 na leo hukadiriwa kuwa bilioni 13.8, akaikunja ikawa mwaka mmoja. Mlipuko wa mwanzo ni usiku wa kwanza wa Januari. Jua na dunia hazizaliwi mpaka Septemba. Madinosaria wanakuja mkesha wa Krismasi na kutoweka siku chache baadaye. Binadamu wa kwanza anaingia tarehe 31 Desemba, saa nne na nusu za usiku. Historia yote iliyoandikwa, tangu wafalme wa Misri hadi gazeti la leo, inabanwa katika sekunde kama kumi za mwisho. Hakuna takwimu mpya humo. Kila mwanafalaki alizijua namba zile. Lakini hakuna aliyezijua kwa namna ya kutetemeka mpaka Sagan alipozipa umbo la mwaka, ambalo kila mtu aliyewahi kulima, kufunga au kulipa kodi ya nyumba analijua mwilini mwake.

Na mfasiri anayekaa kuitia kalenda hiyo katika Kiswahili hugundua mara moja kwamba si kazi ya kubadilisha maneno. Katika hesabu ya Waswahili, siku huingia jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Basi saa nne na nusu za usiku za tarehe 31 Desemba, kwa mzee wa Lamu au Pemba, si mwisho wa mwaka. Huo ni usiku wa kuamkia mwaka mpya, na siku mpya imekwishaingia tangu Magharibi. Binadamu wa Sagan anawasili dakika za mwisho za mwaka unaokufa. Binadamu wa mfasiri, asipoangalia, atawasili katika saa za awali za mwaka unaozaliwa, na maana yote itakuwa imepinduka. Afanye nini? Auhamishe mwisho wa mwaka uwe saa ya jua kutua, na binadamu aje jioni wakati muadhini anajitayarisha? Au aitumie kalenda ya Nairuzi, ambayo wakulima na mabaharia wa mwambao waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi? Mtu anayetaabika na swali kama hilo anafikiri juu ya wakati, juu ya ulimwengu na juu ya lugha kwa pamoja. Kumwita mtu huyo mrahisishaji ni kutojua kazi ilivyo.

Adui mwenye insafu atasema: lakini Sagan alikosea, tena hadharani. Kweli. Na hapa watetezi wake wengi hupita mbio, jambo ambalo halimsaidii. Mwaka 1983 yeye na wenzake wanne walitoa hesabu zao juu ya baridi kuu itakayoikumba dunia baada ya vita vya nyuklia, kwa sababu ya moshi wa miji inayoungua kuziba jua. Sagan alilitoa jambo hilo katika Parade, jarida lililokuwa likiambatana na magazeti ya Jumapili, mwezi Oktoba, kabla ya makala ya kitaalamu kuchapishwa mwezi Desemba. Wapo waliokasirika, na hasira yao ina upande wa haki: kanuni ni kwamba wenye ujuzi wasome kwanza, wapime, kisha umma uambiwe. Lakini makombora yalikuwa yamekwishaelekezwa, na waliokuwa chini yake ni umma huo huo. Anayeona moshi unafuka dari ya jirani hangoji kikao cha wazee ili apige kelele.

La pili ni zito zaidi. Mapema mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Sagan alionya kwamba visima vya mafuta vya Kuwait vikitiwa moto, moshi wake huenda ukapanda juu sana, ukatanda na kuharibu mavuno ya Asia ya kusini. Visima zaidi ya 600 vilitiwa moto kweli. Ghuba, ambako Waswahili wengi wana jamaa zao, mchana uligeuka giza na joto likashuka. Lakini moshi haukupanda kiasi alichohofia, na Asia ikasalimika. Alikosea. Aliyelitia kosa hilo kitabuni, kwa jina lake na bila ya kisingizio, ni Sagan mwenyewe katika The Demon-Haunted World, kilichotoka mwaka 1995, akiliweka kuwa mfano wa namna sayansi inavyojisahihisha. Wangapi katika wale waliompigia kura ya hapana waliwahi kuyaanika makosa yao mbele ya dereva wa basi? Mtu anayezungumza na wenziwe peke yao hukosea ndani ya chumba. Aliyezungumza na dunia alikosea barazani, na kwa hiyo hukumbukwa kwa kosa lake hata na wasioweza kutaja moja katika makala zake 500.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wake hawalitaji, nalo ni vita vyake dhidi ya watabiri. Katika Cosmos aliwahi kuchukua magazeti mawili ya siku moja, akasoma utabiri wa nyota ile ile katika yote mawili, na watazamaji wakajionea kwamba hayakukubaliana. Hilo linawahusu watu wa mwambao kuliko inavyodhaniwa. Kwa Kiswahili neno mnajimu limewabeba kwa muda mrefu watu wawili katika kanzu moja: anayepima mwendo wa sayari, na anayemwambia bibi harusi kama nyota yake inaoana na ya bwana harusi. Neno falaki nalo limepata kuchafuka vivyo hivyo. Majarida yanayojigamba kuwa ya kisasa hutenga ukurasa kila toleo kwa ajili ya mbuzi, ndoo na mizani, na hayana hata safu moja ya kumweleza msomaji kwa nini mwezi hupatwa. Wahariri wakiulizwa, husema wasomaji hawataki mambo magumu. Hadhira ya Cosmos, iliyokaa mbele ya runinga saa 13 kusikiliza habari za Kepler na atomu, ni ushahidi kwamba wahariri hao hawawajui wasomaji wao.

Na sasa ni zamu ya wenye vilemba wa nyumbani. Hoja yao ina matawi mawili. La kwanza ni kwamba elimu ya kweli haikai katika wimbo, hadithi au redio. Inakaa katika vitabu vizito vya Kiingereza, na Kiswahili kiachiwe mapenzi na siasa. La pili ni kwamba hata mtu akitaka, maneno hayapo.

Tawi la kwanza linakatwa na mtu wa bahari hii hii. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, katika nchi ya Ras al-Khaimah ya leo, aliandika sehemu kubwa ya elimu yake ya nyota na njia za bahari kwa mashairi, na mojawapo ni utungo mrefu wa Kiarabu juu ya safari ya kuja Sofala kupitia pwani ya Afrika ya Mashariki. (Dai kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 limepingwa na watafiti wengi, na si haki kumtwisha.) Kwa nini mashairi? Kwa sababu nahodha aliyeshika usukani usiku wa manane hawezi kufunua kitabu, lakini vina havimtoki kichwani. Elimu iliwekwa katika wimbo ili iokoe roho za watu. Hakuna aliyemwambia Ibn Majid kwamba kwa kutunga ameishusha falaki. Na wakulima wa mwambao, waliojua kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, waliihifadhi kalenda ya kilimo katika methali ya maneno machache ambayo mtoto huishika kwa kuisikia mara moja. Sagan angewatambua wote hao kuwa ni watu wa kazi yake.

Tawi la pili ni jepesi zaidi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Majina ya sayari, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, yamo katika lugha kabla ya babu zao wanaobisha kuzaliwa. Maneno hayakupungua. Kilichopungua ni sentensi. Istilahi iliyolala kamusini ni jahazi lililopandishwa pwani. Halijazama, lakini halimfikishi mtu popote. Zawadi ya Sagan kwa Waamerika haikuwa istilahi. Alichowapa ni sentensi ambazo ndani yake istilahi zilipata kupumua, kwamba chokaa ya mifupa ya mtu na chuma cha damu yake vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Hilo limesemwa hapa kwa Kiswahili bila ya neno geni hata moja, na halikuhitaji kikao cha kamati. Hata hivyo, katika shule za sekondari za Kenya na Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukariri fasili ya nyota katika lugha ambayo hajawahi kuota ndani yake.

Uchungu unazidi mtu akikumbuka kwamba neno la Kiswahili limekwisha kupanda mbinguni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyowasaidia wanafalaki kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na orodha yake ya mwisho ya vyanzo 339 hadi leo hutajwa kwa herufi U ya jina hilo. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002. Wanafalaki wa Japani na Chile wanaiandika herufi ile ya Kiswahili katika makala zao. Wavuvi wa Malindi waliona moshi wa roketi. Baada ya moshi, ni nani aliyewaendea na maelezo?

Hapa sasa Sagan naye hana budi kusimamishwa kizimbani, maana mapenzi yasiyo na hesabu si mapenzi. Mwaka 1977 aliongoza kamati iliyotayarisha santuri ya dhahabu iliyowekwa katika vyombo viwili vya Voyager, ili siku moja, ikiwa wapo viumbe wengine, wausikie ulimwengu wa binadamu. Ndani yake mna picha zaidi ya 100, nyimbo na muziki wa pande 27, na salamu katika lugha 55. Salamu ya Kiingereza ilitamkwa na mwanawe mwenye umri wa miaka sita. Kisumeri kimo, lugha iliyokufa kabla ya enzi ya Roma. Kihiti kimo. Kilatini kimo. Kutoka Afrika vimo Kiganda, Kinyanja, Kiila cha Zambia, Kisotho na Kinguni. Umo hata wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, kule Kongo. Kiswahili hakimo. Chombo kile kimebeba sauti za majirani wa Kiswahili kila upande, nacho chenyewe kimeachwa gatini.

Haielekei kuwa ilikuwa chuki. Kazi ile ilifanywa kwa miezi michache, na salamu nyingi zilikusanywa Cornell na viungani mwake, kwa waliopatikana. Lakini haraka si udhuru kamili kwa mtu aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya dunia nzima. Sagan alijua kwamba lugha ni mlango, na aliusahau mlango unaopitiwa na mamilioni. Aliyefungiwa na wanazuoni kwa sababu ya kuwajali wasiokuwamo, naye aliwasahau baadhi ya wasiokuwamo. Si vigumu kuwaza salamu ambayo ingefaa. Mswahili anayefika kwa mtu asiyemjua, kabla ya kusema lolote, husema hodi, kisha hungoja. Katika salamu zote 55 hakuna neno la adabu kama hilo, na sasa Voyager 1 iko umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, na hairudi.

Ilikuwa chombo hicho hicho, tarehe 14 Februari 1990, kilipogeuza kamera kwa ombi la Sagan na kuipiga picha dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni sita. Wako waliompinga miaka kadhaa wakisema picha ile haina faida ya kisayansi na jua lingeweza kuiunguza kamera. Dunia ilitokea humo ikiwa chembe ndogo ya samawati katika mwale wa mwanga, na picha hiyo imetazamwa na watu wengi kuliko grafu zote za safari ile. Sagan alifariki Seattle tarehe 20 Desemba 1996, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kuugua maradhi ya uboho. Akademia haikumwita tena.

Wanaodai kumpenda katika mwambao huu wana njia ya kuonyesha. Mvuvi anayetoka Nungwi kabla ya alfajiri huiona Zuhura katika msimu wake, iking'aa juu ya maji, na ana jina lake tangu utotoni. Kwamba chini ya mng'ao ule pana joto la nyuzi 460, na kwamba hewa ile ile inayoipika Zuhura ndiyo inayoongezeka sasa juu ya kichwa chake mwenyewe na kumpandishia bahari mpaka kwenye minazi, ni habari inayoweza kuelezwa kwa maneno ambayo anayo tayari mdomoni. Mwenye kalamu aanze na hiyo, na mhariri aondoe ukurasa wa mbuzi na ndoo ili ipate nafasi.